Furaha Isiyoukana Msiba: Nick Cave na Bendi Yake katika Wild God

Zaburi ya 22 ina mgeuko ambao wahubiri wengi huupita haraka. Mtu aliyekuwa akilia peke yake, ameachwa na kuzungukwa na adui, mara anaonekana katikati ya kusanyiko, na hapo ndipo sifa inapoanza. Zaburi haielezi ni nini kilichobadilika kati ya kilio na sifa. Inatuonyesha tu kwamba mahali pa kuimbia si pale pale tena. Mgeuko huo ndio ufunguo wangu wa kuisikiliza Wild God, albamu ambayo Nick Cave wa Australia na bendi yake, Bad Seeds, waliitoa mwishoni mwa Agosti 2024, wakaanza kuizungukia kumbi za Ulaya mwezi uliofuata kutoka Oberhausen, Ujerumani, na mwaka 2025 wakavuka hadi Amerika ya Kaskazini.

Huenda msomaji akauliza muziki wa namna hiyo una haja gani na wanafunzi wa theolojia. Cave, aliyezaliwa mwaka 1957, aliimba utotoni katika kwaya ya kanisa kuu la Kianglikana mjini Wangaratta, jimbo la Victoria. Ujana wake aliuharibu kwa dawa za kulevya, na nyimbo zake za awali zimejaa damu na Agano la Kale kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka 1998 aliandika utangulizi wa Injili ya Marko katika mfululizo wa vitabu vya Biblia vilivyochapishwa kimoja kimoja, na kilichomvuta katika Marko kilikuwa upweke wa Kristo: mtu asiyeeleweka na walio karibu naye, anayekwenda mbio kuelekea kifo. Kristo huyo mpweke amekaa katika nyimbo za Cave kwa miaka mingi. Kusanyiko ndilo lililokosekana.

Kisha ukaja msiba. Mwezi Julai 2015 mwanawe Arthur, mwenye umri wa miaka 15, alianguka kutoka kwenye jabali karibu na Brighton, Uingereza, akafa. Mwaka 2022 alifariki mwana mwingine, Jethro. Albamu zilizofuata kifo cha Arthur ni kumbukumbu za nyumba yenye matanga. Skeleton Tree (2016) ilikuwa imetungwa kwa sehemu kubwa kabla ya ajali, ikamalizwa baada yake. Katika Ghosteen (2019) ngoma karibu hazisikiki kabisa. Ni sauti ya baba na vinanda vinavyoelea, kazi iliyotoka zaidi mikononi mwa Cave na mwenzake Warren Ellis. Carnage (2021) ilitolewa kwa majina ya hao wawili peke yao. Bendi iliyoanza mwaka 1983 ilikuwa imerudi nyuma kama rafiki za Ayubu katika zile siku saba za kwanza, kabla hawajafungua vinywa na kuharibu mambo.

Wild God ndiyo albamu ambamo rafiki wanafungua vinywa, na safari hii hawaharibu, au hawaharibu sana. Cave alianza kuandika maneno siku ya kwanza ya mwaka 2023. Muziki ulirekodiwa Miraval, kusini mwa Ufaransa, na London. Ngoma na besi zimerudi mahali pake. Kwaya imeongezwa. Nyimbo ni 10 tu, na karibu kila moja huanza na mtu mmoja anayesema, ikaishia kwa umati unaoitikia.

Wimbo uitwao Joy unastahili kuchukua muda wetu. Unaanza kwa desturi ya kale ya blues, mtu anaamka na huzuni imemzingira. Kisha usiku mgeni anamjia kitandani, kijana aliyetoka upande wa pili wa kifo, na ujumbe alioubeba ni furaha. Hapa mtunzi mdogo angeiita kwaya mara moja. Cave na wenzake wanangoja. Piano inatembea polepole, sauti zisizo na maneno zinasikika kwa mbali, na neno lenyewe la furaha linatamkwa kama neno la lugha ambayo msemaji bado anajifunza. Luther angemwelewa. Binti yake Magdalena alipokufa Septemba 1542, akiwa na miaka 13, alimwandikia Justus Jonas kwamba yeye na Katharina walipaswa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema kama ule, lakini hawakuweza kufanya hivyo bila kulia, na kwamba hata kifo cha Kristo hakikuweza kuwaondolea majonzi yale kabisa. Mtu aliyefundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake hakuligeuzia jina alipofiwa yeye mwenyewe. Katika Joy msiba unabaki na jina la msiba, na furaha inakuja kuketi kando yake.

Frogs ni mkali zaidi. Mwanzoni tunakutana na Kaini akimwua nduguye; kabla hatujatulia tuko njiani kurudi nyumbani katika mvua ya Jumapili, vyura wanaruka kuelekea juu na kuanguka tena katika mifereji. Sijui mahubiri mengi ya hivi karibuni yaliyomweleza mwanadamu, mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, vizuri kuliko vyura hawa. Anapita pia Kris Kristofferson, mtunzi mkongwe wa Marekani, ambaye alifariki mwezi mmoja tu baada ya albamu kutoka. Kwa hiyo hata mzaha ule sasa unasikika kwa namna nyingine.

Sifa hizo hazifuti kasoro. Katika Conversion, Roho na moto wanaitwa kwa kelele zinazopanda na kupanda mpaka msikilizaji ashindwe kujua ameguswa na nini: na jambo lililosemwa, au na wingi wa sauti tu. Wongofu wenyewe haukupewa maneno ya kutosha kuubeba. Sisi tulio katika sharika zenye kwaya tatu au nne kila Jumapili tunaujua ugonjwa huu, kwa maana tumewahi kuwapelekea wafiwa nyimbo za ushindi kabla hawajamaliza kumwosha marehemu. Kwaya ni karama, lakini yafaa kwanza isikilize kilio kinachotangulia, ndipo iitikie. Final Rescue Attempt sitausemea sana. Ni wimbo mzuri unaopita.

Albamu inajisahihisha mwishoni. Long Dark Night unamfuata Yohana wa Msalaba, bila haraka ya kufika alfajiri. Kisha unakuja As the Waters Cover the Sea, ambao jina lake wasomaji watalitambua kutoka Isaya 11:9 na Habakuki 2:14. Ni wimbo mfupi kupita yote. Yeye aliyefufuka anatoka kaburini akiwa bado na majeraha, katika mwanga wa asubuhi ya kawaida wa chumba cha watu waliolala. Majeraha hayo ndiyo yanayonifanya niiamini furaha ya nyimbo zilizotangulia. Kwaya inaimba amani, na hapa nafasi yake ni halali kabisa.

Jukwaani jambo hili lilidhihirika zaidi. Mpigaji wa besi wa miaka mingi, Martyn Casey, hakuweza kusafiri kwa sababu ya ugonjwa, na nafasi yake ikashikwa na Colin Greenwood wa bendi ya Radiohead. Waimbaji wanne wakawa ndio kwaya. Cave aliinama ukingoni mwa jukwaa akishika mikono ya watu, akiwafanya waitikie, jambo ambalo katika nyimbo za Ghosteen lisingewezekana.

Lakini maonyesho mengi yalimalizika kwa Into My Arms, wimbo wa mwaka 1997. Kwaya imekwisha kuondoka, bendi imeondoka, na Cave ameketi peke yake kwenye piano. Wimbo huo unaanza kwa mtu kukiri kwamba hamwamini Mungu anayeingilia mambo ya wanadamu, kisha unaeleza angeomba nini kwa ajili ya mpenzi wake kama angemwamini. Mtu angetazamia kwamba baada ya zaidi ya saa mbili za Pentekoste shaka hiyo ingefichwa. Yeye aliiweka mwisho, na ukumbi mzima, walioamini na wasioamini, ukaiimba pamoja naye.