Jumba la Ajabu la Unguja

Beit al-Ajaib tumeliona katika picha tu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, miaka 12 kabla watu wa Paris hawajalipa kutazama sinema. Nguzo zake za chuma na baraza zake pana twazisifu. Lakini uzuri umeelekezwa baharini, wageni wauone. Nyuma yake ni kuta za mawe ya matumbawe. Nasi wa Mboko twauliza: fedha ilitoka wapi? Karafuu, ndiyo, na pia pembe za ndovu zilizovushwa ziwa letu hadi Ujiji, zikabebwa na wapagazi mpaka pwani, wengine watumwa. Hayo wasifuo huyaruka. Siku ya Noeli 2020, likiwa katika matengenezo, upande mmoja ulianguka. Watu wawili wakafa.