Uzi katika nchi ya shaba

Mwaka 1961 Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilitoa sarafu zake yenyewe za franka 1 na franka 5. Upande mmoja palikuwa na ndizi, upande wa pili msalaba mdogo wa shaba, wa aina ile ambayo mafundi wa huku walikuwa wakiimimina kwenye kalibu karne nyingi kabla ya reli kufika. Misalaba mitatu ya namna hiyo ilipamba pia bendera. Uteuzi ulikuwa na haki yake. Misalaba ilikuwa fedha kwelikweli, na wataalamu wa mambo ya kale waliochimba makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, kuanzia mwaka 1957, waliikuta imezikwa pamoja na wenyewe.

Palikuwa na fedha nyingine, ambayo haikupanda bendera yoyote. Ilikuwa kitambaa. Upande wa kaskazini, kwa Wasongye, vilifumwa vipande vya rafia vilivyoitwa madiba. Vilihesabiwa, vikafungwa mafungu, vikalipia mahari na faini, vikapelekwa kama ushuru kwa wakubwa wa Waluba. Shaba hukaa ardhini miaka mia kwa mamia, ikabadilika rangi tu. Rafia huisha kwa mchwa na unyevu. Ndiyo maana Katanga ikijieleza hutaja tanuru, mgodi na treni, na wenye uzi mkononi hupita pembeni mwa hadithi kama wageni waliokosea mlango.

Ufundi wao haukuwa mdogo kuliko wa tanuru. Ushahidi mzuri uko Kasai, kwa Wakuba, kwa sababu huko vitambaa vingi viliokolewa kabla mchwa hawajavifikia. Emil Torday, mtafiti aliyefika kwao mwaka 1908, alivikusanya kwa ajili ya British Museum. Baadaye mchoraji Henri Matisse alivitundika ukutani nyumbani kwake Ufaransa na kuvitazama akifanya kazi. Alikuwa na macho, mzee huyo.

Kazi huanzia kwenye mwale, mti wa rafia. Huchukuliwa jani changa ambalo bado halijafunguka, ngozi yake nyembamba ikabanduliwa, ikaanikwa, ikachanwa kuwa nyuzi. Uzi hauwezi kuwa mrefu kuliko jani lililouzaa, kwa hiyo kitambaa kimoja ni kidogo, na atakaye sketi ya kuzunguka kiuno mara kadhaa hana budi kuunga kipande kwa kipande. Mwanamume hutandika mtande na kupitisha mshindio. Kinachotoka kwenye kitanda cha mfumi ni kigumu, kinakwaruza ngozi. Hapo mwanamke hukipokea: hukitwanga na kukifikicha mpaka kilegee, kisha huanza kutarizi, kazi ya wiki, mara nyingine ya miezi. Sindano hupita chini ya uzi wa kitambaa, juu hubaki kishungi cha milimita chache, kisu kidogo kikakikata. Hapigi fundo. Kishungi hushikwa na mbano wa ufumaji peke yake, na maelfu ya vishungi hivyo hutoa uso wa mahameli. Nakshi yenyewe, pembe zinazofukuzana na mistari inayokatika ghafla ikaanzia pengine, haikuchorwa popote kabla. Iko kichwani mwa mtarizi.

Kilichoishusha rafia thamani hakikuwa ubovu wake. Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, mtawala M'siri aliuza pembe, shaba na watumwa kwa wafanyabiashara waliofungamana na pwani, nao wakamletea bunduki na nguo za pamba za viwandani. M'siri aliuawa mwaka 1891. Pamba ilibaki. Baadaye Kongo ikapata viwanda vyake, kama kile cha Filtisaf huko Kalemie, navyo vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Leo mama wa Likasi akinunua kikwembe, kimetoka mbali. Na mitumba, ile wanayoiita salaula majirani wa Zambia, iko kila soko.

Katika hali hiyo, anayekaa chini kufuma kwa mkono anahitaji sababu. Mulungwishi wanazo kadhaa.

Mahali penyewe ni kituo cha misheni ya Kimethodisti, mwendo mfupi kaskazini-magharibi mwa Likasi, kwenye njia ya Fungurume na Kolwezi. Malori ya madini hupita mchana na usiku. Ndani ya misheni pana shule na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga, ambako wanafunzi wa theolojia huja na wake zao na watoto. Mke wa mchungaji huku haketi nyuma ya mumewe akisubiri ibada iishe. Akipelekwa kijijini, wanawake watamzunguka, naye atatakiwa awe na kitu cha kuwafundisha. Kusoma, usafi, mapishi, na karibu kila mara sindano. Umoja wa wanawake wa kanisa hilo, Kipendano, ndio njia ambayo kishono kipya husafiria kutoka mji hadi mji kwa kasi ambayo barabara ya mvua haiwezi kuieleza.

Asili ya masomo hayo ya sindano ina doa lake, na hakuna haja ya kulifunika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière iliamua wafanyakazi wake wakae kambini na familia zao, kwa kuwa mwanamume mwenye mke karibu hatoroki. Wanawake wakawekewa madarasa ya kushona na kufuma. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Wabelgiji ikaeneza nyumba za namna hiyo mijini, zikiitwa foyer social. Ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, ilifunguliwa mwaka 1946. Shabaha ilikuwa kumtengeneza mke wa mfanyakazi, mtulivu, wa nyumbani, mwenye kitambaa safi mezani. Wanawake walisikiliza hotuba wakaiacha hapohapo darasani. Sindano waliondoka nayo. Kile alichofundishwa bibi ili akae nyumbani ndicho ambacho mjukuu hukitoa nje akauze.

Siku ya mfumaji haianzi na uzi. Inaanza na maji, moto, watoto wa shule, shamba kama ni msimu, na bukari, ugali wa mchana. Uzi huingia kwenye nyufa: akisubiri sufuria ichemke, akiwa kwenye benchi la zahanati, kwenye mkutano wa wanawake ambapo masikio yana kazi na mikono haina. Mfuko wa plastiki wenye donge la uzi hutembea naye kama mtoto wa mwisho. Usiku ni saa zake nzuri. Nyaya za umeme mkubwa huku hupita juu kuelekea migodini, na nyumba nyingi chini yake huangaza kwa taa ya jua au tochi ya simu. Lakini kishono kilichozoeleka hakihitaji taa, kwani kidole gumba kinahesabu.

Anayejifunza huanza na mnyororo: kitanzi, na kitanzi ndani ya kitanzi. Watu wote hutazama mkono wa kulia, ulioshika sindano ya kroshe yenye kulabu nchani. Siri iko mkono wa kushoto. Huko uzi huzungushwa kwenye kidole cha mwisho na kupandishwa juu ya kidole cha shahada ili utoke kwa kipimo, wala usilegee wala usikabe. Mwanafunzi hukaza kwa hofu mpaka kulabu haiingii tena. Mwalimu hasemi mengi. Huvuta ncha ya uzi, kazi ya saa nzima inafumuka kwa kufumba na kufumbua, na mwanafunzi anarudishiwa mikononi uzi ule ule. Ni wachache wenye bahati hiyo katika ufundi wao. Ubao uliokatwa vibaya umekatwa, mkate ulioungua umeungua. Uzi uliofumuliwa ni uzi.

Kisha linakuja duara, na hapo ndipo wengi hupendezwa au hukata tamaa. Mzunguko wa kwanza uwe na vishono 6 vifupi, wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Ongeza 6 kila mara na kitambaa kitalala bapa juu ya meza. Acha kuongeza, na kingo zitainuka kuwa bakuli: hiyo ndiyo kofia ya mtoto mchanga. Ongeza kupita kiasi, na kingo zitaanza kujikunja mawimbi. Mama ambaye daftari lake la hesabu liliishia darasa la tatu hurekebisha mambo haya kwa kupapasa tu, bila kuhesabu kwa sauti. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyachukua mawimbi hayohayo kwa makusudi. Aliongeza vishono kwa uwiano usiobadilika, akapata umbo la jiometri ya haipaboli ambalo wanafunzi waliweza kulishika, kulikunja na kuchora mistari juu yake, baada ya miaka mingi ya kulitazama kwenye karatasi bila kulielewa. Wanawake wa sindano walikuwa wakilifumua kila siku kwa kudhani wamekosea.

Kufuma sweta kuliingiliwa na mashine mapema: William Lee, Mwingereza, alibuni ya kwanza mwaka 1589. Kroshe bado inasubiri mashine yake. Kwa hiyo blauzi ya kroshe inayouzwa rahisi dukani haikutoka kiwandani kama mnunuzi anavyofikiri. Imetoka kwenye mikono ya mtu, mahali fulani, aliyelipwa kidogo.

Na kulipwa ndiko kunakouma. Biashara ya uzi ina majira yake. Miezi ya Juni na Julai, kipupwe kinaposhuka kwenye nyanda hizi za juu na asubuhi mtu hupumua moshi, kila mjamzito anataka sweta, kofia na soksi za mtoto. Harusi huleta vitambaa vya makochi. Mahafali ya chuo huleta wageni wenye fedha ya zawadi. Katikati ni kiangazi cha mfuko. Picha hutumwa kwa simu, malipo huja kwa M-Pesa, au hayaji, kwa sababu mteja ameahidi mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi una mambo mengi. Uzi wenyewe hununuliwa mjini kwa fedha taslimu, na hapo likelemba huokoa: wanawake huchanga, mmoja akabeba zote, zamu ikazunguka.

Mteja hushika sweta, huligeuza ndani nje, husifu. Kisha:

“Mama, unipunguzie basi.”

“Mwanangu, nipunguze nini? Uzi nimenunua.”

Mteja hutaja bei ya sweta la mitumba, na kwa hesabu yake ana haki. Mfumaji akipiga hesabu ya saa zake kwa kiwango chochote cha heshima, bei itapita uwezo wa kijiji. Kwa hiyo hazipigi. Bei hutoka kwenye uzi na faida kidogo juu, na saa zinapewa mteja bure pasipo yeyote kulitamka. Wengi wamegundua kwamba kufundisha hulipa kwa utulivu zaidi kuliko kuuza, maana mwanafunzi hulipia mwezi na hawezi kumlinganisha mwalimu na rundo la mitumba.

Njia mojawapo ya kupandisha bei ni jina. Vitambaa vya Kasai vilivyofika Ulaya mara nyingi vimeandikwa “Kuba” au “Shoowa” na basi. Mwanamke aliyevitarizi miezi yote hiyo hayumo. Rwanda ilijaribu njia tofauti: tangu mwaka 2005 vikapu vya wanawake wake viliuzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani, na habari za wasukaji wenyewe zilikuwa sehemu ya kilichonunuliwa. Mulungwishi haihitaji Macy's ili ianze. Kipande cha utepe chenye jina la fundi, kikishonwa ndani ya ukosi, ni kazi ya dakika chache, na sweta la mtoto hupita nyumba nyingi kuliko tangazo la redio.

Hupita kweli. Kifungua mimba huliacha, mdogo wake hulivaa, viwiko vinatoboka, na siku moja mama mwenye nyumba hulirudisha kwa mfumaji likiwa ndani ya mfuko, aombe litengenezwe upya kwa mtoto wa tatu. Hii ni kazi ya pekee. Mishono ya ubavuni hukatwa kwa wembe kwa uangalifu, ncha hutafutwa, na sweta hufumuliwa kutoka ukosini kwenda chini. Uzi hutoka umejikunjakunja. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa sehemu nne usivurugike, huloweshwa, kisha huanikwa ukining'inizwa na jiwe dogo chini ili unyooke. Kwa kawaida hautoshi, kwani viwiko vimekula sehemu yao, kwa hiyo mikono ya sweta jipya itakuwa na rangi nyingine, na mteja huulizwa anapenda ipi. Mazungumzo ya bei siku hiyo huwa mafupi. Uzi ni wa mteja tangu zamani na wote wawili wanajua. Kinachobaki mezani ni siku za kufuma, na mfumaji hutaja fedha yake bila kuangalia pembeni.