Kuitambua Bunduki ya Marehemu Babu

Bunduki ya urithi haiji bila sifa zake: ilikuwa kwenye mapigano ya Tanga mwaka 1914, iliua simba, ilitoka mikononi mwa Mjerumani. Zisikilize kwa heshima, ila hukumu iachie chuma.

Kwanza toa taarifa polisi, kisha ichukulie kuwa imeshindiliwa. Gobore hujazwa kupitia mdomo wa mtutu, na baruti inaweza kukaa ndani miaka mingi. Ukiwa pembeni ya mdomo wake, ingiza ufito wa mti mpaka ukome, utie alama, kisha uulaze nje kando ya mtutu. Ukiwa haufiki penye tundu la moto, kuna kitu ndani. Hapo usiguse tena. Mwite fundi mwenye leseni.

Sasa tazama mtambo. Bunduki ya mrao hushika utambi, ya gumegume ina taya za kubana jiwe, ya fataki ina chuchu inayopigwa na nyundo. Ukiona matundu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo, huenda ilikuwa ya gumegume ikageuzwa. Mimi siihesabu kuwa kasoro, maana fundi aliyeigeuza aliirefushia maisha.

Neno TOWER chini ya taji limewapoteza wengi. Wanadhani bunduki imetoka kwenye ghala la mfalme London, ilhali watengenezaji wa Ubelgiji nao walilipiga neno hilo kwenye bunduki za biashara ya Afrika. Chunguza mtutu karibu na mtambo, hata upande uliofichwa na mbao. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni muhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji. Ukiwa na taji juu yake, ni wa tangu 1893. Muhuri huo nauamini kuliko bamba lote.

Kama ni ya Mjerumani kweli, Mauser ya 1871 hujitaja ubavuni: I.G.Mod.71. Ni ya milimita 11, risasi moja moja, na moshi wa baruti yake nyeusi uliwafichua askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani. Linganisha namba za komeo na za mtutu. Zikitofautiana, vipande vimekusanywa kutoka bunduki mbalimbali.

Msasa usiusogeze kabisa. Chuma cha kahawia chenye herufi kali kina thamani kuliko kinachong'aa huku alama zimefutika, na mbao iliyopakwa vanishi mpya huficha nyufa pamoja na mihuri. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka mafuta mepesi, basi.