Nani Aliyekula Ringi? Injini ya 5L Iliyoshushwa Mara Mbili Muleba

Hiace moja ya abiria inayofanya safari kati ya Muleba na Bukoba ilishushwa injini mara mbili. Mara ya kwanza ilifungwa ringi mpya, beringi za konrodi na gasketi ya hedi, ikawaka vizuri, mwenye gari akalipa na kushukuru. Haikumaliza kiangazi. Ikaanza tena kula oili. Moshi wa bluu ukawa unatoka kila dereva anapokanyaga mafuta kupanda mlima, na ukifungua kofia ya oili injini ikiwa inanguruma, hewa ya moto inakupumulia usoni. Nataka kuichambua kazi ya pili, iliyofanywa na fundi mwingine, kwa sababu yeye aliifungua injini akitafuta kitu ambacho wa kwanza hakukitafuta.

Injini yenyewe ni 5L ya Toyota: dizeli ya silinda nne isiyo na tabo, kipenyo cha silinda milimita 99.5, mwendo wa pistoni milimita 96, ujazo wa sentimita za ujazo 2,986. Ni injini ngumu. Ikipata oili nzuri, maji ya kutosha kwenye rejeta na hewa safi, inatembea miaka mingi bila kuguswa ndani. Kwa hiyo ikila ringi mpya ndani ya miezi michache, usiseme imezeeka. Kuna kitu kinaitafuna.

Fundi wa pili alianza kabla ya kufungua hata nati moja. Alipima kompresheni ya silinda zote, kisha akadondosha oili kidogo sana katika kila silinda na kupima tena. Kipimo kikipanda baada ya oili kuziba pengo, pumzi inapotelea kwenye ringi na ukuta wa silinda. Kisipopanda, inapotelea kwenye valvu au gasketi. Hapa kilipanda kwenye silinda zote nne. Jibu hilo lilimwambia aelekeze macho chini ya hedi. Lilimwambia pia kwamba tatizo ni la injini nzima. Pistoni moja iliyopasuka au nozeli moja mbovu huumiza silinda moja.

Halafu akaishusha, na hapa ndipo kazi mbili zilipoachana njia. Katika gereji nyingi, kila kitu kinachotoka hupigwa petroli na brashi papo hapo. Inapendeza macho, na mteja akipita anaona watu wanafanya kazi. Lakini uchafu ndio ushahidi wenyewe. Fundi huyu aliipanga injini mezani ikiwa chafu vilevile: pistoni na konrodi zake zikiwa na alama ya silinda, kila kofia ya konrodi na konrodi yake, beringi za juu mbali na za chini, picha ya simu kwa kila hatua. Kofia za konrodi hazibadilishani. Kila moja ilichongwa kiwandani ikiwa imefungwa kwenye konrodi yake, na ukizichanganya tundu la beringi linapoteza uduara wake.

Kitu cha kwanza alichokagua hakikuwa pistoni. Alichukua kitambaa cheupe, akakipitisha ndani ya mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye manifoldi. Kilitoka na wekundu. Vumbi jepesi, laini kama poda, lilikuwa limekaa upande ambao vumbi halina ruhusa ya kufika. Aliukunja mpira ule mikononi na ufa ukafunguka chini yake, pale unapokunjamana karibu na klipu, mahali usipopaona gari likiwa limesimama.

Mkosaji akawa amepatikana, lakini fundi mzuri haamini dalili moja. Alizitoa ringi za pistoni zote na kuzilinganisha kwa unene. Hapa kuna kanuni ambayo kila fundi anapaswa kuijua. Uchafu ukiingia kwa njia ya hewa, ringi ya juu kabisa ndiyo huliwa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoupokea kwanza. Uchafu ukiwa kwenye oili, ringi ya oili ya chini na beringi ndizo huumia zaidi. Katika injini hii ringi za juu zilikuwa zimekonda, kingo zake kali kiasi cha kukata ngozi, ilhali ringi za oili zilikuwa na hali ya kuridhisha. Ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo ya wima, rangi ya kijivu isiyong'aa, na zile alama za msalaba zinazoshika oili zilikuwa zimefutika upande wa juu. Beringi zilikuwa na vijidoa vya punje zilizozama, bila kuungua wala kuganda. Oili haikuwahi kukauka.

Watu wa Bukoba huwa hawalifikirii vumbi sana, na ninaelewa sababu. Mji huu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukitazama migomba na kahawa ilivyo kijani, vumbi unaliona ni la Dodoma. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti njia za udongo za kupandia Kamachumu na Nshamba hukauka, na Hiace ikiwa nyuma ya lori hupumua wingu jekundu kilomita kwa kilomita. Tena vumbi la huku lina meno. Majabali ya Bukoba kuteremka hadi Muleba ni ya mawe ya mchanga. Wanajiolojia wamelipa kundi zima la miamba hiyo ya kale jina la mji huu. Mawe hayo yakimomonyoka huacha punje za kwatzi, na kwatzi katika kipimo cha Mohs ni 7, juu ya chuma cha bloku. Punje hiyo ikikwama kati ya ringi na ukuta wa silinda, kitakacholika ni chuma.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo kazi ya kwanza iliponaswa. Silinda haiishi sawasawa. Juu, pale pistoni inapogeuza mwelekeo, shinikizo ni kubwa na oili ni nyembamba, kwa hiyo hulika zaidi. Chini hubaki karibu na upya wake. Mahali ringi ya juu inapokomea huachwa ukingo unaoushika kwa ukucha. Fundi alipima kila silinda kwa geji ya ndani katika vina vitatu, juu, kati na chini, na katika pande mbili zinazokingamana, ili aone pia kama tundu limeacha uduara. Kikomo cha kiwanda kwa 5L ni milimita 99.73. Silinda zote nne zilikuwa zimekivuka upande wa juu.

Fanya hesabu kidogo. Silinda ikipanuka milimita 0.2 kwa kipenyo, mzingo wake huongezeka mara 3.14 ya hapo, yaani karibu milimita 0.63. Pengo la ringi linafunguka kwa kiasi hichohicho. Ringi mpya iliyotoshea vizuri chini ya silinda, ikifika juu inaacha mlango wazi. Na haisimami: kwa mizunguko 3,000 kwa dakika pistoni inapanda mara 50 na kushuka mara 50 kila sekunde, na kila safari ringi inalazimika kujitanua na kujibana. Juu yake kuna ule ukingo wa zamani unaoigonga ringi mpya yenye kona kali. Ringi zile hazikuwa feki, kama dereva alivyoamini. Zilifungwa ndani ya silinda ambayo hakuna aliyeipima, huku mpira wa hewa ukiendelea kunyonya vumbi.

Mwenye gari aliuliza swali la haki: kwa nini asinunue injini ya mtumba? Wakati mwingine ndilo jibu sahihi. Hata meli ya MV Victoria iliporudi kufanya safari za Mwanza na Bukoba mwaka 2020, baada ya ukarabati mkubwa, ilikuwa imefungwa injini mpya. Lakini injini ya mtumba ya Hiace unainunua bila kuijua ndani, na hii ilikuwa imeshafunguliwa na kusomeka. Krenki ilipimwa ikawa bado ina kipimo. Hedi iliwekewa rula ya chuma na feler geji ikaonekana haijapinda, na ikakaguliwa nyufa kati ya valvu, mahali ambapo injini za familia hii huwa na udhaifu. Kwa mizani hiyo, kuitengeneza kulikuwa na maana, nami nakubaliana na uamuzi huo.

Pistoni za kipimo kilichozidi kwa milimita 0.5 zilinunuliwa kwanza, ndipo bloku ikapelekwa Mwanza kuchongwa. Mpangilio huo ni wa lazima: mchongaji anapima pistoni iliyo mkononi na kuchonga silinda yake kwa nafasi inayotakiwa. Silinda zikatoka na milimita 100 na kidogo, na ujazo wa injini ukafika karibu sentimita za ujazo 3,016, tofauti ambayo dereva hataisikia mguuni.

Bloku iliporudi ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni. Petroli huondoa mafuta lakini huacha unga wa jiwe la kuchongea ndani ya vinyweleo vya chuma, na unga huo unafanya kazi ileile ya vumbi la Nshamba. Walisugua hadi kitambaa chenye oili kikatoka ndani ya silinda bila kijivu. Kisha pistoni zikafungwa, na fundi akapima kila pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku inapofika kileleni. Gasketi ya hedi ya injini hii hutengenezwa kwa unene wa aina tatu, na kipimo hicho ndicho kinachochagua ipi ifungwe. Wengi hununua yoyote iliyopo dukani. Nyembamba mno, pistoni inakaribia valvu. Nene mno, kompresheni inashuka na asubuhi ya baridi injini inakataa kuwaka. Boliti za hedi zilikazwa kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje, zikamaliziwa kwa kuzungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena. Mkanda wa taimingi ukawekwa mpya, kwa kuwa ukikatika kwenye 5L pistoni hugonga valvu na kazi yote inarudi mwanzo.

Mpira wa hewa ulibadilishwa siku ileile, pamoja na klipu zake mbili. Ea klina ya zamani ilishikwa mbele ya balbu gizani, na vitundu vikaonekana kwenye karatasi yake: ilikuwa imepulizwa kwa upepo wa kompresa mara nyingi hadi karatasi ikachanika. Kwa magari yanayopanda milima ya Muleba wakati wa kiangazi, ratiba ya kitabu haitoshi. Dereva huyu sasa hufungua ea klina kila wiki kuanzia Juni, huikung'uta bila kuipuliza, na huukunja mpira wa hewa kwa mkono kuanzia klipu moja hadi nyingine kabla ya kufunga boneti.