Maswali 20 na mama mmoja wa Kolwezi

Tukizungumza habari ya matibabu kwa simu, sisi tuliosoma tunaanzaka na mtandao: mega zitatosha? Umeme uko? Ni maswali ya kweli. Njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mitaa yetu mingi bado inalala giza. Lakini leo nataka kukosoa kitu kingine: maandishi yenyewe ambayo munganga anayasoma upande wa pili wa simu.

Yanaitwa M-CHAT-R. Ni maswali 20 ya ndiyo au hapana, ya kutafuta dalili za otizimu (wengine wanasema usonji) kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Yalitungwa Marekani na Diana Robins na wenzake. Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. Alama 3 hadi 7, mzazi anaulizwa tena kwa kirefu. Kuanzia 8, mtoto anatumwa kwa mtaalamu moja kwa moja.

Yaya wangu ana mtoto wa miaka miwili. Munganga alikuwa Lubumbashi, anauliza kwa Kifaransa kwenye video ya WhatsApp, na mimi njo nilikuwa natafsiri. Yaya alishukuru, maana barabara ya kupitia Likasi ni karibu kilomita 300, na mtoto wake hawezi safari.

Tukafika swali la kelele za kila siku. Mfano uliotolewa ni mashine ya umeme ya kufagia nyumba. Yaya akauliza, "Ile njo nini?" Nikaweka baruti za mgodini. "Hata mimi naruka!" akasema. Tukaandika ndiyo, alama moja. Ningetaja mashine ya kusaga mahindi, angejibu hapana, maana mtoto anakaa pale karibu na kutabasamu.

Swali la kidole: mtoto anaonyesha kitu anachotaka? Yaya akasema ndiyo. Kumbe mtoto anashika mkono wa mama yake na kuupeleka kwenye kikombe, bila kumwangalia usoni. Kidole chake mwenyewe hakionyeshi kitu. Jibu la kweli lilikuwa hapana, na hiyo nayo ni alama moja.

Tazama sasa. Kosa langu liliongeza alama, jibu la yaya likaficha alama. Jumla ikabaki 4, na ingekuwa 4 hata bila makosa. Hesabu sawa, mtoto mwingine kabisa.

Sisemi maswali ni mabaya. Waliotunga walijua jibu la kwanza linaweza kupotosha, ndiyo maana waliweka mazungumzo ya pili. Lakini kwa simu, ile sehemu ya pili njo inakatwa kwanza: mega zinaisha, munganga ana wengine wanaongoja. Ukikata hapo, umebaki na namba paka peke yake.

Kuna jambo lingine. Simu ilikuwa kwa sauti kubwa, katikati ya lupango. Majirani walisikia kila swali. Kwetu mtoto asiyesema anaweza kuitwa ndoki kabla ya kuitwa mgonjwa. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, lakini sheria haikai kwenye ukuta wa lupango.

Zamani mzazi akisema "simu haioni mtoto", nilifikiri ni woga wa kitu kipya. Sasa naona ni ukosoaji kamili. Hata mafunzo ya OMS kwa wazazi wa watoto hawa yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani. Kwa nini sisi tufikiri mguu wa mtu hauhitajiki tena?

Simu ibaki. Lakini maswali yatafsiriwe kwa ruhusa ya watunzi, kwa Kiswahili chetu, na yapimwe na ba mama kabla ya kutumika. Muuguzi wa mtaa akae pembeni, mlango umefungwa. Na mazungumzo ya pili yasikatwe.

Munganga alipiga tena kesho yake. Kabla ya swali lolote yaya akamwambia, "Munganga, ngoja kwanza nikuelezee siku moja ya mutoto." Akasikilizwa dakika kumi. Habari ya mkono na kikombe ilitoka pale.