Kijenzi Kisichomjua Jirani Yake

Programu ya uigaji ikiandikwa kwa pupa huwa bonge moja: gusa foleni ya abiria, ndege haziruki. Fundi mzuri huigawa kwa vijenzi. Kila kijenzi kina hali yake, saa yake, na milango ya kupokea na kutuma ujumbe, basi. Hakiulizi ujumbe umetoka kwenye prosesa ileile au kwenye kompyuta iliyo mji mwingine. Ndiyo maana modeli iliyojaribiwa kwenye kompyuta ya mezani huweza kuhamia kwenye mashine mia bila kuandikwa upya.

Mizizi ya mtindo huu iko Oslo, miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya Simula. Lakini utamu wenyewe uko kwenye saa, maana kila mashine hukimbia kwa kasi yake.

Tuseme kijenzi cha kiwanja cha Zanzibar kimefika saa 4:00, na jirani yake pekee ni Dar es Salaam, aliye bado saa 3:55. Kiendelee au kingoje? Kama hakuna ndege inayovuka kwa chini ya dakika 15, Dar hutuma ujumbe usiobeba ndege yoyote: kabla ya saa 4:10 usitarajie kitu kutoka kwangu. Zanzibar inaendelea na kazi zake kwa amani. Mbinu hii ni deni letu kwa Randal Bryant, na kwa K. Mani Chandy na Jayadev Misra, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwangu mimi haina mpinzani kwa uzuri. Ila ahadi ikiwa ya bahili, tuseme sekunde moja badala ya dakika 15, mtandao hufurika ujumbe mtupu na kazi hudorora.

David Jefferson, mwaka 1985, alipendekeza ujeuri: kila kijenzi kikimbie bila ruhusa, na ujumbe uliochelewa ukifika, kirudi nyuma na kufuta kilichokwisha kutuma. Takwimu zilimpa haki. Mwaka 2013, kwenye kompyuta kuu za Sequoia na Vulcan zilizounganishwa huko Livermore, California, mbinu yake ilitumia viini vya prosesa 1,966,080 na kupita matukio bilioni 500 kwa sekunde. Gharama ya mtindo uliotumika huko humwangukia mwandishi wa kijenzi: kila tukio aliandikie na kinyume chake. Abiria aliyeongezwa kwenye foleni aondoke, na hata jenereta ya namba nasibu ijue kuhesabu kurudi nyuma.