Sawa na Kufanana: juu ya neno moja la mahubiri yetu

Wahubiri wengi wa inchi yetu wanasema: "Mwana ni sawa Baba." Wanataka kusema ukweli wa imani. Lakini tujiulize: Wakristu wanaoketi mbele yetu wanasikia nini?

Neno "sawa" si la Kibantu. Limetoka katika Kiarabu, na shina lake huko ni usawa: kitu kimoja kulingana na kingine pasipo kuzidi wala kupunguka. Watu wa pwani walilishika kwa maana hiyo. Mizani ikisimama sawa, hakuna upande unaoshuka. Kiwanja kikisawazishwa, hakina kilima. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilileta lugha ya Kiswahili hadi Nyangwe na Kasongo, na neno hili likaja pamoja nayo.

Humu kwetu likapanuka. Tunasema "anakimbia sawa simba", tunasema "sawa vile", pahali mtu wa Zanzibar angesema "kama". Si kosa, kwani lugha ni mali ya wale wanaoisema. Lakini mtu akituambia "mtoto huyu ni sawa baba yake", tunaelewa kwamba sura zao zinafanana. Hatuelewi kwamba wana cheo kimoja.

Hapo ndipo penye shida. Wagiriki walikuwa na maneno mawili: "isos", aliye sawa kabisa, na "homoios", anayefanana. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wafilipi (2,6) juu ya Kristu, alichukua neno la shina la kwanza. Walatini nao walitenga "aequalis" na "similis". Mtaguso wa Nicea, mwaka 325, ukipinga mafundisho ya Ario, ulikiri kwamba Mwana ni "homoousios", wa kiini kimoja na Baba. Baadaye wengine walipenda zaidi "homoiousios", wa kiini kinachofanana. Herufi moja tu iliongezwa, lakini Eklezya ilishika neno la Nicea. Hata siku zetu shauri hili halikuzeeka: tangu Majilio ya mwaka 2021, Misale ya Kifaransa inasema "consubstantiel au Père" pahali pa "de même nature".

Sasa tutazame upande wa mtu. Kitabu cha Mwanzo (1,26) kinafundisha kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. "Mfano" ni neno la Kibantu, ndugu wa "kufanana", na mwisho wake "-ana" unaonyesha jambo la wawili, kama katika "kupendana". Wanaofanana wanabaki wawili. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba kila tunapoona Muumba na kiumbe wanafanana, tofauti yao ni kubwa kupita kufanana kwao.

Basi tukisema "Mwana ni sawa Baba", kisha tukasema "mtu ni sawa Mungu", mkatekumeni atawaweka Kristu na Adamu kwenye ngazi moja. Ario hakuomba zaidi ya hayo: Mwana awe kiumbe, hata kama ni kiumbe cha kwanza.

Wengine watajibu kwamba waamini wanaelewa kwa moyo, hata neno likiyumba. Ni kweli kwa mzee aliyesali miaka mingi. Lakini mtoto wa katekismu hana kitu kingine mkononi ila neno tunalompa.

Hatuombi neno "sawa" lifukuzwe. Lina kazi yake sokoni na nyumbani. Tunaomba kwamba juu ya Mwana tuseme wazi: "Ni Mungu mmoja na Baba." Juu ya mtu tuseme: "Ni mfano wa Mungu." Na ninyi makatekista, mkimaliza fundisho, mwulizeni mtoto mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe. Akijibu "Yezu anafanana na Mungu", mjue kwamba fundisho halijaisha.